Shangazi, nikivaa miwani ya uhalisia pepe natapika. Niache kozi?

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni binti wa miaka 21, mzaliwa wa Igogo hapa Mwanza. Nimemaliza mwaka wa pili wa sayansi ya kompyuta katika chuo kimoja cha mbali, sasa niko nyumbani likizo. Nakuandikia usiku mama akiwa amelala, maana saa kumi alfajiri anaamka kwenda Mwaloni Kirumba kuchukua dagaa, na sitaki anikute na simu akaanza maswali.

Nilipokuwa kidato cha tatu walikuja wageni shuleni kwetu na miwani ya uhalisia pepe, ile ya kuvaa machoni ukajiona uko ndani ya dunia ya kompyuta. Tukapanga foleni, kila mmoja dakika moja. Zamu yangu ilipofika nilijikuta nimesimama ndani ya moyo wa mtu, mkubwa kama ukumbi wa kanisa, vali zinafunguka na kujifunga mbele yangu. Niliponyoosha mkono kugusa nikashika kichwa cha mwenzangu, darasa zima likacheka. Siku ile ndipo nilipoamua. Kidato cha tano nikachukua PCM (fizikia, kemia na hesabu), na chuoni walipotuletea masomo ya kuchagua nikakimbilia michoro ya kompyuta na uhalisia pepe kabla orodha haijajaa.

Sasa Shangazi, sikia yaliyonikuta. Maabara yetu ina miwani miwili tu kwa watu hamsini na kitu. Siku ya kwanza mkufunzi alituwekea ile treni inayopanda vilima na kuporomoka. Sikumaliza dakika mbili. Jasho lilinitoka, mate yakajaa mdomoni, nikavua na kutapikia kwenye ndoo ya taka mbele ya wavulana arobaini. Wiki mbili baadaye nikajaribu tena, safari hii projekti ya mwenzetu ambayo unatembea ndani ya nyumba kwa kusukuma kijiti cha mkononi. Yale yale. Mimi nimezaliwa kando ya ziwa, nimepanda mitumbwi tangu sijajua kuongea, nimekwenda Ukerewe kwa bibi upepo ukivuma, sijawahi kutapika hata siku moja. Nije nitapike nimekaa kwenye kiti?

Wavulana wakaanza kusema nina mimba. Walisema kwa utani, lakini utani una miguu. Ulimfikia kijana mmoja tunayesoma naye ambaye kwao ni jirani wa mjomba wangu, na kutoka hapo ukafika Buswelu kwa mjomba mwenyewe.

Nikaacha kwenda maabara. Kisha kwa aibu nikaacha na vipindi vya darasani. Matokeo yametoka, nina sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia: michoro ya kompyuta, na aljebra ile ya vekta na matriksi. Zitafanyika baada ya wiki tano.

Mama hajui. Nimemwambia nimefaulu. Laptopu yangu ilinunuliwa shilingi 1,400,000. Nusu ni fedha zake za kikoba, nusu alikopa kwa hawa wakopeshaji wa riba kubwa, kausha damu, na kila Jumatatu anapeleka marejesho. Pale mwaloni anawaambia wenzake kwamba binti yake anatengeneza dunia za kuingia kwa miwani. Wanamwita Mama Miwani. Nikilisikia jina hilo natamani ardhi inimeze.

Mjomba ndiye anayenilipia chumba. Amesema nihamie ualimu au uuguzi, kwenye ajira. Anasema hiyo miwani ni michezo ya watoto wa Wazungu, na ni nani hapa Mwanza atakayeniajiri kuvaa miwani. Nikiwaza naona labda anasema kweli, kwani mwili wenyewe umekataa. Halafu hata kuchora sijui, nikichora ng'ombe anafanana na meza. Na laptopu yenyewe haina kadi ya grafiki ya maana. Shangazi, niache?

Mwenye Kizunguzungu, Igogo

Shangazi anajibu

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu nyekundu, tabia ya miaka mingi ya kusahihisha mitihani. Kutapika umekupa aya nzima. Sapu umezipa mistari miwili. Uongo kwa mama umeupa maneno manne: mama hajui, nimemwambia nimefaulu, basi. Nitaanza na hayo uliyoyaandika kwa urefu kwa sababu majibu yake ni mepesi, ila usidhani hayo mengine nimeyasahau.

Tuanze na mtumbwi. Ndani kabisa ya sikio kuna vifereji vitatu vyenye majimaji ambavyo huuambia ubongo kichwa kimegeukia wapi, na jirani yake kuna vijiwe vidogo sana vinavyohisi mwendo wa kwenda mbele, kupanda na kushuka. Ukiwa mtumbwini, sikio linasema tunapanda wimbi, na macho yanaliona wimbi lenyewe. Mashahidi wawili wanasema jambo moja, ubongo unatulia. Mchukue mtu huyo huyo umweke chumba cha chini cha meli ya Nansio pasipo na dirisha. Sikio linasema tunayumba, macho yanasema ukuta umetulia. Huyo atatapika hata kama babu yake alikuwa nahodha. Ndiyo maana watu wa mtumbwini humwambia mgeni atazame nchi kavu, asitazame miguu yake. Sasa pale maabara ugomvi ulikuwa ule ule, umegeuzwa tu: macho yanasema tunaporomoka kilimani, sikio linauliza mbona tumekaa. Na sikio la mtoto wa ziwa limezoea kuaminiwa.

Utauliza mbona moyo ule wa kidato cha tatu haukukutapisha. Jibu umeliandika mwenyewe: ulikuwa umesimama. Vali zilicheza, wewe hukusogezwa. Ulipogeuza kichwa picha nayo iligeuka, macho na sikio vikakubaliana. Treni ya vilima ni kitu kibaya kuliko vyote kumwekea mtu siku ya kwanza. Ni sawa na kumfundisha mtoto kuogelea kwa kumsukuma kutoka juu ya jiwe la Bismarck.

Halafu kuna mambo ya mashine yenyewe. Miwani mingi ya siku hizi hutaka picha 90 kwa sekunde. Maana yake kompyuta ina milisekunde 11 za kuandaa kila picha, na inaiandaa mara mbili, ya jicho la kushoto na ya kulia. Tangu ugeuze kichwa mpaka kioo kibadilike, wataalamu hutaka isizidi milisekunde 20 hivi. Kompyuta ikizidiwa, dunia inakuja nyuma ya kichwa chako kama gari lenye usukani uliolegea, na tumbo ndilo la kwanza kujua. Zipo na lenzi. Kati ya mboni na mboni, mtu mzima ana wastani wa milimita 63 hivi, ila watu tunatofautiana, na wanawake kwa wastani tuko chini kidogo ya wanaume. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta kwamba sababu kubwa ya wanawake kuumwa zaidi ya wanaume ndani ya miwani hii ni lenzi kutosogezeka kiasi cha kulingana na macho yao. Je, kuna aliyekurekebishia lenzi kabla ya kukuvisha? Watu hamsini na kitu kwenye foleni, miwani imetoka kichwani kwa mvulana ikaja kichwani kwako, jibu nalijua. Na kama ulikuwa umesuka, mkanda nao haukukaa. Walioubuni hawajawahi kuona twende kilioni.

Wavulana wenu nao! Wamekaa kwenye chumba cha somo linalohusu namna ya kuyadanganya macho ya mtu, mwenzao akatapika mbele yao, na maelezo pekee yaliyowajia kichwani ni mimba. Hao ndio wangestahili sapu.

Wewe unaona mwili umekikataa ulichokwenda kusomea. Mimi naona mwili wako umefanya fildi, mafunzo ya vitendo, kabla ya wenzako. Kichefuchefu hiki ni moja ya matatizo makubwa ya fani yenyewe, na wapo watu wanaolipwa mishahara kukipunguza. Njia mojawapo ni kumhamisha mtu kwa kumrusha: anaelekeza mkono pale anapotaka kwenda, picha inazima mara moja, anajikuta ameshafika bila safari ya katikati. Nyingine ni kuziba kingo za picha kwa giza wakati wa mwendo, kwa sababu mwendo unaopita pembeni mwa jicho ndio unaochokoza zaidi. Wengine humjengea mtu kibanda kisichosogea, kama kioo cha mbele cha gari, apate kitu cha kujishikiza kwa macho, nchi kavu yake. Ile nyumba ya mwenzenu yenye kijiti, kwa ulivyoieleza, haina hata kimoja cha hivyo. Na waliozunguka humo dakika ishirini bila kusikia chochote hawawezi kumwambia imekosewa wapi. Wewe unaweza, ndani ya dakika mbili.

Mwaka wa mwisho mtatakiwa kufanya projekti. Mimi ningeichukua nyumba ile ile, nikaiwekea njia tatu tofauti za kutembea, nikaomba watu ishirini wazijaribu na kujaza dodoso kabla na baada. Dodoso usitunge lako. Lipo la ugonjwa wa simuleta (mashine za kuigiza mwendo), lenye dalili 16, lilichapishwa mwaka 1993 na mpaka leo bado linatumika sana. Mwambie msimamizi wako unataka hilo, atalijua. Wakati huo huo usijilazimishe kuzoea kwa kuuma meno. Jasho la kwanza, vua. Dakika tatu leo, nne kesho kutwa, umekaa, feni inakupuliza. Kizunguzungu kikikupata hata siku ambayo hujavaa miwani, hilo ni jambo la daktari, nenda.

Ya tumbo yameisha. Tuje kwenye sapu.

Mwaka 1968 kule Marekani, Ivan Sutherland na wanafunzi wake walitengeneza chombo cha kuvaa kichwani kilichounganishwa na kompyuta. Kilikuwa na mitambo mizito kiasi cha kuning'inizwa kutoka darini, na ulichokiona humo ni mistari tu, kama nyumba iliyojengwa kwa waya. Mwaka 1995 kampuni ya Nintendo ikatoa mashine yake ya kutumbukiza uso ndani, picha zote nyekundu tupu, mwaka uliofuata ikaachwa. Mwaka 2014 Google wakaleta miwani ya boksi, ya kuchomeka simu; mwaka huo huo Facebook wakainunua Oculus, kampuni ya miwani hii, kwa dola bilioni 2 hivi, na mwaka 2021 wakabadili mpaka jina la kampuni yao, ikawa Meta. Kila mara tunaambiwa dunia haitakuwa ile ile, kisha kimya, kisha tena. Anayesomea miwani peke yake anasomea kitu kitakachokuwa kabatini kabla Bodi ya Mikopo haijamaliza kumkata mshahara.

Lakini chini ya mashine zote hizo kuna hesabu ambayo haijawahi kwenda kabatini. Bui Tuong Phong, mzaliwa wa Hanoi, akisoma Chuo Kikuu cha Utah mwanzoni mwa miaka ya 1970, alitunga kanuni ya namna mwanga unavyong'aa juu ya kitu. Ilichapishwa mwaka 1975, na mwaka huo huo akafariki, bado kijana. Nusu karne imepita, na wanafunzi wa michoro ya kompyuta bado wanaanzia kwake. Jina lake limo kwenye somo lako la sapu. Wewe umekimbia ndoo ya taka, ukamkimbia na yeye.

Na usiniambie ni gumu, umekulia kwenye dagaa. Kwa nini mama anahangaika kuanika mapema? Ili jua la saa sita liwakute wameshatandazwa. Jua likiwa utosini, mionzi inashuka wima na chanja inaipokea yote. Saa kumi na moja jua limelala, mionzi ile ile inatandazwa kwenye eneo kubwa zaidi, kila dagaa anapata kidogo. Kiasi cha hicho kidogo kinapimwa kwa kosaini ya pembe iliyopo kati ya jua na mstari uliosimama wima juu ya chanja. Jua likiwa wima, kosaini ni 1. Likiinama kwa digrii 60, ni 0.5, chanja imepata nusu. Hiyo ndiyo doti prodakti ya vekta mbili, yaani mishale miwili ya uelekeo, mnayoikariri bila kujua ni ya nini. Kompyuta inauliza swali la mama yako kwa kila pikseli, kila nukta ya picha: huu uso umeelekea wapi, na taa iko wapi?

Alichoongeza Phong ni ule mng'ao mkali. Nenda Capri Point jioni jua likielekea kuzama, utazame mstari wa dhahabu juu ya maji. Tembea hatua hamsini. Mstari umekufuata. Aliyesimama kule mbali ana wake, wewe una wako. Dagaa kwenye chanja, tukiuacha kando mng'ao wa magamba yake, hana tabia hiyo, ukimtazama kutoka upande wowote mwanga wake ni ule ule. Kwa hiyo kwenye mng'ao lazima uongeze vekta ya tatu, ya jicho la mtazamaji. Ukilielewa hili jioni moja ufukweni, nusu ya swali la mtihani umelimaliza.

Matriksi nazo, yale majedwali ya namba yanayosogeza na kuzungusha vitu kwenye skrini. Toka mlangoni kwenu, tembea hatua kumi, kisha geuka kushoto. Rudi. Sasa geuka kushoto kwanza, kisha tembea hatua kumi. Umesimama pawili tofauti. Ndiyo sababu kuzidisha matriksi A kwa B si sawa na B kwa A, na ndiyo sababu mwanafunzi anayekosea mpangilio anaona meza yake inazunguka chumba kizima badala ya kuzunguka mahali pake. Sahihisha madaftari kama nilivyosahihisha mimi utaiona meza hiyo mara mia.

Kuhusu ng'ombe wako anayefanana na meza, Edwin Catmull alitaka sana kuwa mchoraji wa katuni. Alijiona hana mkono wa kuchora, akaenda zake fizikia na kompyuta, hapo hapo Utah. Mwaka 1972 alishiriki kutengeneza filamu fupi ya mkono wake mwenyewe wa kushoto, ukiwa umegawanywa kuwa vipande vya poligoni ndani ya kompyuta. Baadaye akawa mmoja wa waanzilishi wa Pixar, kampuni ya filamu za katuni za kompyuta, na alikuwa mmoja wa wawili waliopewa Tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta, ya mwaka 2019. Jicho la kuona mwanga unaangukaje, hilo unalihitaji, na linafunzwa. Mkono wa kuchora ni wa watu wengine mtakaofanya nao kazi.

Laptopu isiyo na kadi ya grafiki isikupe huzuni. Kwa wiki hizi tano ni bora isiwe nayo. Andika programu inayochora mpira mmoja: kwa kila pikseli tuma mshale kutoka jichoni, uliza kama unaugonga mpira (ni mlinganyo wa kwadratiki ule wa kidato cha pili, hakuna uchawi), ukigonga tafuta kosaini, andika namba ya rangi kwenye faili la maandishi. Haitaki kadi, haitaki intaneti, haitaki miwani. Mistari mia na hamsini ya kodi inatosha. Ukiwa umeandika hiyo kwa mkono wako, somo lote la michoro limo humo, na aljebra imeingia kwa mlango wa nyuma. Blender, programu ya kuunda maumbo, ni ya bure tangu 2002; Godot, ya kutengenezea michezo, nayo ni ya bure na ni nyepesi. Hizo zisubiri Oktoba. Tafuta na mitihani ya nyuma, na mwandikie mkufunzi wako leo hii umuulize vipindi ulivyokosa vilihusu nini. Ataudhika, kisha atakujibu.

Mjomba sasa. Mjomba si adui yako, na kwenye jambo moja ana hoja: tangazo la kazi lililoandikwa mtaalamu wa uhalisia pepe, Mwanza, mimi sijaliona. Mwambie hivyo kabla hajakuambia yeye. Kisha umweleze kwamba hutaajiriwa kuvaa miwani. Picha za CT scan pale hospitali ya Bugando zinatoka vipande vipande kama mkate wa slesi. Kuvipanga viwe fuvu zima linaloweza kuzungushwa ni michoro ya kompyuta. Daraja la kilomita 3 kama la Kigongo–Busisi haliwezi kuanza na zege, linaanza na hesabu na michoro. Mabaharia hufunzwa kwenye simuleta kabla ya kukabidhiwa meli. Na kule Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma, kuna jengo lenye umbo la kiti cha mtemi: mtu mwenye simu nzuri na subira anaweza kulipiga picha mamia kwa mamia, kompyuta ikalijenga upya, mtoto wa Sumbawanga akaingia humo bila nauli. Sijui kama kuna atakayekulipa kwa hilo. Ila ukiwa nalo mkononi, fundi majengo, mwenye hoteli na mwenye kampuni ya matangazo watakuelewa unachojua kuliko ukiwaonyesha cheti.

(Kidato cha sita mnaoniandikia kila Julai mkitafuta shahada yenye jina la uhalisia pepe: acheni. Fungueni mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wa mwaka wenu, tazameni vigezo vya sayansi ya kompyuta, multimedia na uhandisi wa kompyuta, na msikimbie hesabu.)

Kuhama kozi kuna taratibu na tarehe zake, na mkopo wa Bodi haukufuati wenyewe kama kuku. Kabla hujagusa fomu yoyote kaulize ofisi ya mikopo ya chuo. Lakini mimi naona ungekuwa unahama kwa sababu ya treni ya vilima na midomo ya wavulana, na uuguzi nao una matapishi yake.

Sasa mama.

Uvumi wa mimba umeshafika Buswelu. Kutoka Buswelu hadi Kirumba ni mwendo wa daladala. Mama akiusikia uvumi huo kwanza, na sapu akazisikia baadaye, atayaunganisha mwenyewe, na utakapomwambia ukweli atakuwa ameshaacha kuuamini. Kwa hiyo usingoje matokeo ya sapu. Mwambie wiki hii. Alfajiri hapana, ana safari. Jioni, mkiwa mnachambua dagaa, mikono ina kazi na hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake. Sema: mama, nilikudanganya, sikufaulu masomo mawili, nitarudia mtihani tarehe fulani, nikifeli tena naweza kudisko, yaani kuondolewa chuoni. Halafu mweleze kwa nini ulitapika, na alichokisema mjomba. Hilo la sikio na macho atalielewa haraka kuliko mkufunzi wenu. Yeye ndiye aliyekufundisha kutazama nchi kavu.

Atakasirika. Kaa hapo hapo, endelea kuchambua. Akimaliza, mwombe daftari la marejesho mlitazame pamoja. Jumlisheni kilichobaki kwa hao wa kausha damu, na umuulize kama kikoba kinaweza kumkopesha alilipe deni hilo kwa mara moja, kwani riba ya kikoba walau inarudi kwa wanachama wenyewe. Bumu, fedha ya kujikimu ya Bodi, likitoka, mtumie kitu, hata elfu ishirini. Na uvumi wa mimba mwachie yeye apeleke jibu kwa mjomba. Dada mtu ana namna yake ya kumwambia kaka yake maneno ambayo wewe huwezi.

Jina la Mama Miwani usimvue. Wenzake pale mwaloni wakiuliza, atajua la kuwaambia.

Mpira wako wa kwanza ukishatoka kwenye skrini nitumie picha yake, hata kama mwanga umekuja upande usio wake. Mara nyingi ni alama ya kutoa tu, umeisahau kwenye vekta ya taa.